Siasa Ikae Mezani

Wengi wenu mliotoka Dar, Mombasa au Nairobi mkisikia neno ekimeeza mtadhani ni aina ya ndizi. Si ndizi. Ni Kiganda, maana yake meza kubwa, na ukilitazama vizuri utaliona neno letu wenyewe, meza, limesafiri mpaka Kampala likavikwa kofia nyingine. Ajabu ni kwamba kwetu sie ki- hupunguza kitu, kwao hukikuza. Kwa hiyo kimeza chetu ni kile cha kuwekea vikombe vya chai, na ekimeeza chao ni cha kukalia kijiji kizima. Wingi wake ni ebimeeza. Nitaandika kimeza na vimeza, Waganda mnisamehe, ila ukubwa ubaki ule ule wa kwenu.

Kimeza ninachokizungumzia kilikuwa kipindi cha redio. Kilianza mwaka 2000 pale Club Obbligato, Kampala, mahali ambapo wapenda muziki wanapajua kwa sababu ya Afrigo Band. Palikuwa na watu wenye mazoea ya kukutana hapo, wanakunywa na kubishana mambo ya nchi, na Radio One ikaona badala ya kuwaita watu wawili watatu studio, heri vipaza sauti vipelekwe kulekule kwenye ubishi. Ikawa kila Jumamosi mchana, moja kwa moja hewani. Unafika, unaandikisha jina, unasubiri. Mwenyekiti akikuita unapewa dakika zako chache, unasema lako mbele ya watu ambao nusu yao hawakubaliani na wewe na wengine wako kwenye bia ya tatu. Ukimaliza anasimama mwingine kukujibu, na wewe umekaa palepale, unamsikiliza, unamwona uso. Wanasiasa nao walifika, na walipofika walisikia ana kwa ana yale ambayo wasaidizi wao hawakuwaambia.

Redio ya ufalme wa Buganda, CBS, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1996, ikawa na cha kwake kwa Kiganda. Jina lake? Mambo Bado. Ndiyo, Kiswahili kitupu, kwenye redio ya Kabaka, katika mji ambao watu wazima wengi walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya kuporea watu usiku. Mie naliona ndilo jina zuri kuliko yote yaliyowahi kupewa kipindi cha siasa Afrika Mashariki. Halikuahidi kitu. Lilisema tu kwamba hatujamaliza.

Ili uelewe kwa nini watu walivipenda vipindi hivi kiasi kile, kumbuka Uganda ya wakati ule ilikuwaje. Nchi ilikuwa chini ya mfumo wa Movement. Vyama vya siasa vilikuwepo kwa majina, lakini Katiba ya 1995, kifungu cha 269, ilivikataza kufungua matawi, kufanya mikutano ya hadhara na kusimamisha wagombea. Kura ya maoni ya Juni 2000 ikaubakiza mfumo huo, na milango ya vyama haikufunguliwa mpaka kura ya maoni nyingine, ya Julai 2005. Redio za binafsi kwa upande wake zilikuwa zimeruhusiwa tangu 1993. Basi hapo katikati pakabaki upenyo: mkutano wa hadhara ni marufuku, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kukaa baa na kusema, na kama kipaza sauti kimewekwa mbele yake, shauri yake. Mkutano wa hadhara ukaingia ndani, ukavuta kiti.

Nilikulia Bukoba. Watu wa Bukoba tunajua kitu ambacho wa Dar hawakijui, kwamba ziwa ni antena. Hewa ya baridi ikilala juu ya maji na ya joto ikapita juu yake, mawimbi ya FM hupinda badala ya kupotelea angani, na redio za ng'ambo zinakuja kama vile mnara uko Kashura. Baba alikuwa na biashara zake za Masaka, Kiganda alikuwa anakielewa vya kutosha, na Jumamosi nyingi redio ile ya betri ilikuwa dirishani imeelekezwa ziwani. Nilikuwa mtoto, sikushika hoja hata moja. Nilichoshika ni kelele za nyuma: vicheko, chupa, watu wakiguna pale msemaji alipodanganya. Redio Tanzania haikuwa na kuguna. Ukisikiliza hotuba ya kiongozi kwenye redio ya taifa, hujui kama kuna mtu yeyote mwenye akili timamu aliyeikataa. Kwenye kimeza ulijua hapohapo, kabla sentensi haijaisha.

Septemba 2009 vikakatwa. Serikali ilimzuia Kabaka Ronald Mutebi kwenda Kayunga, vurugu zikazuka Kampala na miji ya jirani, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 27 walikufa. Human Rights Watch walisema hawakupungua 40. Septemba 10 CBS ilizimwa, na kuzimwa huko kukazikumba pia Suubi FM, Akaboozi ku Bbiri na Radio Sapientia ya Wakatoliki. Usiku wa Septemba 11 Kalundi Serumaga, mtangazaji wa Radio One, alikamatwa alipotoka kwenye mjadala wa televisheni ya WBS. Na katika vurumai hiyo hiyo Waziri wa Habari, Kabakumba Masiko, akatangaza kwamba vimeza vyote ni marufuku. Sababu? Ya kiufundi. Leseni ya redio, ikasemwa, ni ya kutangazia studio, si ya kutangazia nje. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Vimeza vile vya hadhara havikurudi.

Hapo kwenye ufundi ngoja niingie kidogo, maana ndiyo kazi iliyonileta huku. Ni kweli kwamba kutoka baa mpaka studio unahitaji kiungo, ama cha redio ama cha laini ya simu, na kama ni cha redio basi masafa yake lazima yapewe kibali, la sivyo utawaingilia wenzako, labda hata watu wa ndege. Sheria ya namna hiyo ina maana na nitaitetea mbele ya yeyote. Lakini mechi za mpira zilitangazwa kutoka uwanjani, misa zilitangazwa kutoka kanisani, na sikukuu za taifa zikatangazwa kutoka viwanjani huku jua likiwaka. Zote hizo ni nje. Mtambo haujui kama sauti inayopita ndani yake ni ya kocha, ya padri au ya muuza matoke mwenye hasira. Anayejua ni aliyeketi ofisini.

Na Watanzania wenzangu msianze kucheka. Agosti 2016 Magic FM na Radio 5 ya Arusha zilifungiwa kwa sababu ya vipindi vyao vya mazungumzo ya siasa, na Agosti 2020, uchaguzi ukiwa umekaribia, Clouds walisimamishwa siku saba. Wakenya nanyi mlipigwa marufuku ya matangazo ya moja kwa moja Desemba 30, 2007, ikaendelea mpaka Februari. Hakuna wa kumcheka mwenzake katika ukanda wetu.

Sasa, kwa nini nawasumbua na habari hizi za Kampala? Kwa sababu mbele ya kamati yetu kuna pendekezo. Linasema kuanzia muhula ujao mikusanyiko yetu ya Jumamosi pale Lewisham iwe ya chakula, muziki, mpira na ushauri wa masomo, na kwamba "siasa za nyumbani" zisizungumzwe ukumbini. Asili yake mnaijua: ule ubishi uliofikia watu wazima wawili, mmoja anamaliza shahada ya uzamivu, kushikana mashati pembeni ya sufuria ya pilau, mpaka mwenye ukumbi akashuka kuuliza kama tuko salama. Mwenye hoja ni rafiki yangu na nia yake ni njema kabisa. Ila hebu msikilizeni anavyoijenga: ukumbi, anasema, tumeukodi kwa shughuli za kijamii. Yaani leseni yetu ni ya studio, si ya nje! Na kwenye ukumbi huo huo wa kijamii tumeshabishana Arsenal na Manchester mpaka viti vikaanguka, na hakuna aliyeleta pendekezo.

Tuseme tumepitisha. Siasa itakwenda wapi? Haiondoki Lewisham, jamani, inahama meza tu. Kinyozi mmoja wa Catford anafungulia redio ya Kampala kwenye simu tangu asubuhi, na wanaokaa pale wakisubiri zamu ni watu wa upande mmoja, kwa sababu wa upande mwingine wana kinyozi wao. Jamaa zetu wa Bonde la Ufa wanasikiliza stesheni ya lugha yao, wa Mlima Kenya ya kwao, sie Wabongo tuna makundi yetu ya simu ambamo mtu akiuliza swali moja la kizembe kuhusu chama anatolewa kabla hajamaliza kuandika. Intaneti imetuletea kila redio ya nyumbani hadi chumbani, ambacho ni kitu kikubwa. Vijana waliokuja London miaka ya themanini walikuwa wakisubiri barua. Lakini imetuletea kila mtu yake. Huwezi tena kuwasikia wanaoguna.

Hapo ndipo rafiki yangu anapotoa silaha yake nzito, na siwezi kuipuuza. Anasema: redio za siasa ndizo zilizochinja watu Rwanda, na ndizo zilizochochea Kenya. Mnataka kuleta hayo hapa?

Tuanze na Rwanda. RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wake, kesi moja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Ilikuwa redio ya mazungumzo, hilo ni kweli, ilikuwa na utani, muziki mzuri na watangazaji wanaoongea kama watu wa mtaani. Lakini niambie ni Jumamosi gani RTLM ilimpa kipaza sauti mtu wa upande wa pili ajibu mbele ya wasikilizaji wale wale. Watu waliotajwa majina yao hewani hawakuwa na zamu kwenye orodha. Ile haikuwa meza. Ilikuwa dirisha moja linalotema maneno kwenda barabarani.

Kenya ni ngumu zaidi, na Wakenya mtanisahihisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 lawama nyingi zilielekezwa kwa redio za lugha za makabila na vipindi vyake vya kupiga simu. Joshua arap Sang, aliyekuwa akiendesha kipindi cha asubuhi Kass FM, alipelekwa mpaka The Hague. Kesi yake na ya William Ruto ilikatishwa Aprili 5, 2016, na majaji waliacha wazi uwezekano wa kufunguliwa upya, kwa hiyo mahakama haikumtia hatiani wala haikumwachia kama mtu aliyeshinda. Mimi si hakimu. Ninachokiona kama mtu wa mitambo ni umbo la kitu chenyewe. Kipindi cha lugha moja, wapigaji simu wa eneo moja, wakati wa hofu: kila anayepiga anakubaliana na aliyepiga kabla yake, na anaongeza kidogo. Sie kwenye umeme tunakijua hicho. Ukichukua sauti inayotoka kwenye spika ukairudisha kwenye kipaza sauti chake chenyewe, haihitaji mtu mbaya; baada ya sekunde mbili inapiga yowe na kuumiza masikio ya kila mtu. Dawa yake si kuzima muziki. Dawa ni kusogeza kipaza sauti kitazame upande mwingine.

Ndiyo maana nasema mikono ya Kenya na Rwanda haielekezi pale inakoelekezwa na pendekezo hili. Kilichoua ni siasa iliyozungumzwa bila mpinzani chumbani. Na pendekezo linatupeleka hukohuko, kila watu na chumba chao, halafu tukutane Jumamosi tukiwa tumeshashiba sumu, tukila pilau kwa tabasamu.

Kuna tofauti ambayo watu wengi hawaioni kati ya kupiga simu redioni na kusimama kwenye kimeza. Hapa London tuna LBC, iliyoanza Oktoba 1973, redio ya kwanza ya biashara iliyoruhusiwa kisheria Uingereza, na mie huisikiliza nikiwa kwenye basi. Wananchi wanapiga, wanasema, wengine wanasema vizuri sana. Lakini kabla hujasikika umeshahojiwa na mtu wa nyuma ya pazia, na ukishasikika mtangazaji ana kitufe. Akikichoka, wewe si chochote, na wasikilizaji hawajui ulichotaka kumalizia. Nyumbani ni vilevile, ila na nyongeza zetu: kuna wapigaji wa kudumu ambao kila mtu anajua nani anawanunulia vocha. Kwenye kimeza kitufe kilikuwepo, maana redio ni redio, lakini ukikibonyeza watu wote waliokaa pale wanakuona umekibonyeza, na kesho yake ni habari ya mjini.

Mwenye kitufe hachoki kukitumia. Juni 2020, kwa sababu ya korona, Tume ya Uchaguzi ya Uganda ilitangaza kwamba hakuna mikutano mikubwa, kampeni zifanyike kwenye redio na televisheni. Watu wakaziita kampeni za kisayansi. Kwa karatasi lilikuwa jambo la busara. Kilichofuata ni wagombea wa upinzani, Bobi Wine akiwa mbele, kuzuiliwa mara kwa mara wasifike kwenye vituo vya redio ambavyo ndivyo vilikuwa uwanja pekee uliobaki, na Januari 2021, mkesha wa kura, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Miaka kumi na mmoja kabla ya hapo waliambiwa wasitangaze nje, watangazie ndani. Sasa wako ndani, mlango umefungwa.

Msinielewe vibaya, sikisifii kimeza kama watu wanavyolisifu shamba la marehemu. Mtafiti wa Kifaransa, Florence Brisset-Foucault, alikaa Kampala akavichunguza vimeza kwa miaka na mwaka 2019 akatoa kitabu, Talkative Polity. Haviremebi hata kidogo. Vilikuwa vya wanaume zaidi. Kile cha Radio One kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza kina namna yake ya kumnyamazisha mtu aliyeacha shule darasa la saba. Watu walivaa suti kuja kuonekana. Wapo waliotafuta cheo kwa njia hiyo, na pande zote zilikuwa na watu wao. Haya yote yanatuhusu. Nikihesabu Jumamosi zetu tatu zilizopita, walioongea kwa sauti ukumbini ni wanaume kumi hivi, na dada mmoja, ambaye alikatizwa mara mbili na mtu ambaye hata hakuwa na hoja. Tukianzisha meza bila kulitazama hilo tutakuwa tumeanzisha baa.

Lakini kuna hofu ambayo Obbligato ya mwaka 2000 haikuijua, na hii kwangu ndiyo hoja pekee ya upande wa pili inayonikosesha usingizi. Dada mmoja wa mwaka wa pili aliniambia: "Kaka, mie sio kwamba sina la kusema. Mie nasomeshwa na serikali. Mtu akinirekodi sekunde thelathini, akakata mwanzo na mwisho, mama yangu ndiye atakayeulizwa, sio mimi." Wapo pia kati yetu ambao makaratasi yao ya Uingereza hayajatoka, na wapo ambao shemeji zao ni wakubwa. Kampala wakati ule sauti ilipita hewani ikaenda, aliyekusikia kakusikia. Leo kila mfukoni kuna studio na kisanduku cha kumbukumbu. Ukimwambia binti yule awe jasiri unamwambia nini hasa? Ujasiri wake unalipiwa na mtu mwingine, aliye Singida.

Basi kama kamati inataka kupiga marufuku kitu, ipige marufuku hicho. Simu ziingie kwenye kapu mlangoni kuanzia saa nane hadi saa kumi, zote, ya mwenyekiti ikiwa ya kwanza. Tutapoteza utamu wa kutangaza, najua, na mie ninayependa mitambo kuliko nyote ndiye ningefurahi kuweka kiungo cha kurusha mjadala wetu mpaka redio mojawapo ya nyumbani. Vifaa vyake siku hizi vinaingia kwenye begi la mgongoni. Siku nyingine, kwa watakaotaka wenyewe. Kwa sasa cha muhimu ni meza, redio ingoje.

Mengine ni mepesi, tuyaibe kutoka Kampala. Orodha ya majina mlangoni, dakika nne kwa mtu, na saa inayolia. Anayezungumza asikatizwe hata akisema upuuzi, lakini kuguna kunaruhusiwa, na mie nitaguna. Kiswahili au Kiingereza, upendavyo, na jirani amtafsirie aliyekwama. Orodha iende mwanamke, mwanamume, mwanamke, mwanamume, na akina dada wakiisha basi tusubiri kidogo kabla ya kuendelea, uone kama hawataongezeka. Na mwenyekiti asiwe wa nchi inayojadiliwa. Tukizungumza Tanzania aketi Mkenya, tukizungumza Kenya aketi Mganda, tukizungumza Uganda niko tayari kuketi mimi, ingawa Waganda watasema Bukoba ni kwao.

Wale ndugu wawili wa mashati nimeongea nao, kila mmoja peke yake. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anataka siasa zikome. Wote wawili, kwa maneno yanayofanana mpaka nikacheka, walilalamika kwamba mwenzake hakumwacha amalize. Nimewaomba wawe wa kwanza na wa pili kwenye orodha. Mmoja amekubali, mwingine anafikiria.

Mada ya kwanza ninayoipendekeza haina damu sana, ya kuanzia mazoezi: kura yetu sie tulio nje. Mwaka 2022 Wakenya walimpigia kura rais wao hapahapa London. Sie Watanzania na ndugu zetu Waganda hatuna haki hiyo tukiwa huku, tunatuma pesa tu. Je, mtu aliyeondoka miaka kumi ana haki ya kumchagulia mama yake mbunge? Rafiki yangu mwenye pendekezo anasema hapana, na ana sababu ambazo sijazijibu bado. Mganda mmoja wa sheria amekubali kuketi kiti cha mwenyekiti, na saa itashikwa na Mrundi, kwa kuwa hana upande. Kapu limepatikana, la kubebea ndizi, limenunuliwa sokoni Lewisham kwa pauni tatu. Majina yanaandikwa kuanzia saa saba na nusu, na safari hii pilau litaletwa baada ya mjadala, si kabla.